Weupe juu ya samaki na karanga za Custom: ni chumvi au ni kuvu?

Mvua zinapoanza kunyesha Juba mwezi wa Aprili, bidhaa kavu katika soko la Custom huanza kubadilika sura. Samaki waliofika wakiwa na rangi ya kahawia huota weupe mgongoni na kandokando ya mapezi. Karanga zilizomenywa hupata vumbi jeupe kwenye mikunjo ya punje. Tende zilizosafiri kutoka kaskazini hufunikwa na utando unaofanana na sukari ya unga. Mnunuzi huuliza ni kitu gani hicho, na jibu la muuzaji, kwa Kiarabu cha Juba, huwa fupi: de mile sakit. Ni chumvi tu, mama.

Mara nyingine muuzaji anasema kweli. Mara nyingine kile anachokiita chumvi ni kiumbe hai kinachokula chakula kabla ya mlaji. Vitu hivi viwili hufanana kwa mbali, na tofauti yake ina gharama pande zote mbili: anayetupa samaki mzima kwa kuogopa chumvi amepoteza fedha ambayo huenda ilikuwa ya chakula cha siku mbili, na anayepika karanga zilizoota kuvu kwa kuamini kwamba zimenyunyiziwa chumvi anaweka ini lake rehani.

Custom, soko ambalo jina lake linakumbusha forodha, ni mahali ambapo swali hili haliwezi kukwepeka. Sehemu kubwa ya chakula kinacholiwa Juba hakilimwi Juba. Mahindi, unga, maharagwe na karanga husafiri kutoka Uganda kupitia mpaka wa Nimule, kisha kilomita zipatazo 190 za lami hadi mjini, yakiwa yamefunikwa turubai ambalo huzuia mvua isiingie na pia huzuia mvuke usitoke. Samaki wakavu hutoka kando ya Nile, Terekeka na Bor, wakiwa wamefungwa mafungu na kulundikwa. Kila kituo njiani ni nafasi ya unyevu kuingia, na unyevu ndio mama wa mambo yote yatakayosimuliwa hapa.

Tuanze na chumvi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Samaki akitiwa chumvi, chumvi huyeyuka katika maji ya mwili wake na kupenya nyamani. Akianikwa, maji husogea kutoka ndani kuelekea juu ya ngozi ili yatoke kama mvuke, nayo chumvi husafiri pamoja nayo. Maji yakiisha kupaa, chumvi hubaki nje ikiwa fuwele nyeupe. Hakuna kilichoharibika. Kinyume chake, ni dalili kwamba ukaushaji umefanya kazi yake. Wakazi wa pwani waliozoea ng'onda wanaufahamu weupe huu tangu utoto na hawaustukii hata kidogo.

Lakini hapa Juba kuna jambo ambalo mnunuzi wa Mombasa au Tanga hangelifikiria: samaki wengi wa Nile hukaushwa kwa jua au kwa moshi bila chumvi yoyote. Chumvi hununuliwa kwa fedha, jua halinunuliwi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni kama samaki huyu alitiwa chumvi alipopasuliwa, kabla hata ya kuuliza weupe ule ni nini. Fesikh hutiwa, tena nyingi. Kambale wa kuanikwa anayekwenda kuwa kajaik huenda hakutiwa hata chembe. Chumvi haiwezi kujitokeza juu ya ngozi ya samaki ambaye haikuwekwa ndani yake, na muuzaji anayekubali kwamba samaki wake hana chumvi amekwisha kulijibu swali la pili bila kukusudia.

Kipimo kingine kinatolewa na hali ya hewa yenyewe, na kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote. Chumvi ya mezani hunyonya unyevu wa hewani. Unyevu huo ukipita takriban asilimia 75, chumvi huanza kuyeyuka na kuwa maji. Kila aliyewahi kuacha kikopo cha chumvi wazi msimu wa mvua amekiona kikitota. Maana yake ni kwamba weupe wa chumvi juu ya samaki hukolea siku za kiangazi na hupungua au kutoweka siku za mvua, ukiacha ngozi yenye unyevu wa kunata. Kuvu hufanya kinyume chake: hukosa nguvu penye ukavu na hustawi hewa inapokuwa nzito. Basi weupe ulioongezeka baada ya juma zima la mvua una mashaka makubwa, hata kama muuzaji anaapa.

Kwa wasio na subira ya kungoja majira, mikono na macho hutosha kwa sehemu kubwa. Fuwele humeta ukiigeuza bidhaa kwenye mwanga wa jua, na hukwaruza kidole kama mchanga mwembamba. Kuvu haimeti, ni laini kama pamba au kama vumbi la unga, na ukiitazama kwa karibu, hata kwa kamera ya simu iliyokuzwa, huonekana nyuzi. Kwangua kidogo ukitie katika glasi ya maji safi ya uvuguvugu: chumvi na sukari hutoweka, kuvu huelea au hujisokota kama uzi. Harufu nayo husema, ingawa harufu ya samaki mkavu inaweza kuimeza harufu ya uvundo kwa mtu asiyeizoea. Kuonja nisingekushauri, kwa kuwa ikiwa umekosea, umekwisha kuila.

Na rangi? Hapa ndipo wengi hupotoka. Watu husema kuvu ni ya kijani au nyeusi, kwa hiyo kilicho cheupe si kuvu. Ukweli ni kwamba karibu kuvu zote huanza zikiwa nyeupe. Weupe ule ni nyuzi changa zinazotambaa zikitafuta chakula. Rangi ya kijani, ya manjano au nyeusi huja baadaye, wakati kuvu inapozaa mbegu zake zinazopeperuka. Weupe ni utoto wa kuvu. Ukiiacha bidhaa mahali penye unyevu kwa siku mbili tatu na ikageuka rangi, jibu umelipata. Fuwele za chumvi huzeeka zikiwa nyeupe. Samaki wa chumvi wana adui zao wengine pia, na hawa hawana weupe: utelezi wa waridi unaoletwa na bakteria wapendao chumvi, na madoa ya kahawia kama pilipili ya kusaga, ambayo ni kuvu inayoweza kuishi penye chumvi nyingi. Mwenye kuona waridi au madoa hayo na aweke samaki chini.

Tende hazihitaji maneno mengi. Sukari yake hutoka juu na kuganda, na maji ya moto huiondoa. Asali inayogeuka nyeupe na kuwa nzito imefanya jambo hilohilo, wala si ushahidi kwamba imechanganywa na sukari, ingawa uvumi huo hauishi. Chokoleti iliyoyeyuka katika joto la Juba kisha ikaganda tena hupata utandu wa kijivujivu, ambao ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu. Ladha hupungua, madhara hayapo.

Ubishi huu si wa Custom pekee. Wanunuzi wa vanila ya Madagaska, Komoro na Uganda huutafuta weupe kwa hamu, kwa kuwa mapodo yaliyokaushwa na kutunzwa vizuri huweza kutoa sindano nyembamba za fuwele, ambazo ni kiini cha harufu ya vanila yenyewe, na hulipiwa bei nzuri. Hata hivyo mapodo hayohayo yakiwekwa na unyevu mwingi huota kuvu, na mfanyabiashara asiyejua kutofautisha hupoteza mzigo mzima. Wavutaji wa siga, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa, wamebishana kwa miaka mingi kuhusu vumbi jeupe linalotokea juu ya siga zilizohifadhiwa muda mrefu. Wapo wanaosema ni mafuta ya tumbaku yaliyoganda, ishara ya uzee mwema. Wapo wanaosema hilo ni jina zuri lililotungwa ili kuvu iuzwe kwa bei ya juu. Sitaingia kati yao, ila nakiri kwamba nikisikia hoja ya kundi la kwanza hukumbuka sauti ya muuzaji wa samaki.

Kwa mfasiri, weupe huu una tatizo jingine. Kiswahili kina neno ukungu, ambalo ni umande unaofunika mlima asubuhi na pia ni kile kinachoota juu ya mkate. Neno hilo ni zuri kwa ushairi na baya kwa onyo la afya, kwa sababu linabeba wepesi wa kitu kinachopita jua likichomoza. Kuvu ni neno lenye uzito zaidi, nalo limetupatia sumukuvu, neno linalotumiwa na taasisi za afya na viwango za Tanzania kwa sumu ambazo kuvu huzitengeneza ndani ya chakula. Kenya na Uganda huzoea kusema aflatoksini, jina la sumu moja miongoni mwa hizo. Mimi hupendelea sumukuvu, kwa kuwa hutenganisha vitu viwili ambavyo msomaji anapaswa kuvitenganisha: kuvu ni kiumbe unachoweza kukiona, sumu yake ni kitu ambacho huwezi.

Na hapa ndipo karanga na mahindi huachana na samaki na tende. Kwa samaki, swali la chumvi au kuvu karibu linatosha. Kwa karanga na mahindi, ni nusu ya swali.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeufahamu. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na ndani yake wakaikuta sumu ya kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Jina aflatoksini limetungwa kutokana na jina hilo. Kuvu hii huishi ardhini katika nchi zenye joto, hushambulia mmea uliodhoofishwa na ukame ungali shambani, na huendelea ghalani ikiwa mavuno hayakukauka. Ikikomaa ina rangi ya kijani yenye manjano. Ikiwa changa, ni nyeupe.

Afrika Mashariki imeijua sumu hii kwa vifo. Mwaka 1981, huko Machakos nchini Kenya, watu 12 kati ya 20 waliougua walifariki. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu; baadhi ya sampuli zilikutwa na sumu mara 220 ya kiwango kilichoruhusiwa nchini humo wakati huo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, Tanzania, ambako watu 20 walipoteza maisha. Waliougua walikuwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika, dalili ambazo katika vijiji vingi hufikiriwa kuwa ni malaria au hata uchawi kabla ya mtu yeyote kutazama ghala.

Vifo vya ghafla ni nadra. Kinachotokea kila siku ni dozi ndogo zinazorundikana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi zaidi kwa mtu aliyeambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya B.

Sumu hii haiondoki pamoja na kuvu. Ukifuta weupe kwa kitambaa, ukaosha punje, ukaianika upya hadi ing'ae, umeiondoa kuvu na kuibakiza sumu iliyokwisha kuingia ndani. Maji yanayochemka hufikia nyuzi joto 100. Aflatoksini iliyo kavu huvumilia hadi zaidi ya nyuzi 230. Asida haiiondoi. Kukaanga karanga huipunguza kiasi bila kuimaliza, na pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa mahindi mabovu huirithi. Kwa hiyo mazoea ya kufuta na kuanika upya, yanayoonekana sokoni baada ya kila mvua kubwa, hufanya jambo baya kuliko kutofanya lolote: huondoa onyo na kuacha hatari.

Ni lazima kusema kwamba si kila kuvu ni adui, hasa kwa kuwa wasikilizaji wetu wengi wametoka Kongo, Uganda na eneo la maziwa makuu, ambako mama zao walilundika mihogo iliyomenywa, wakaifunika kwa majani na kungoja iote kuvu kabla ya kuikwangua, kuianika na kuitwanga. Hawakuwa wakila uozo. Kuvu zinazoota katika lundo hilo hulainisha muhogo na kusaidia kuondoa sianidi iliyomo katika mihogo michungu, na familia zilizoruka hatua hizo wakati wa njaa zimelipa kwa ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu. Tofauti ni kwamba kuvu ile huletwa makusudi, kwa siku chache, na mtu anayejua ifanane vipi. Kuvu ya gunia lililolowa pale Nimule haikualikwa na mtu.

Serikali nazo zimeigeuza kuwa suala la mipaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, imeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya vyeti. Mwaka 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalizuiwa upande wa Sudan Kusini kwa sababu hiyohiyo, na wafanyabiashara wakalalamika kwamba mzigo wao unaharibika ukisubiri. Walikuwa na hoja: mahindi yanayopigwa na mvua na jua ndani ya lori lililosimama yanatengeneza unyevu ambao kuvu inauhitaji. Kuzuia bila kupima haraka hakumlindi mlaji.

Mnunuzi wa Custom hana maabara, lakini hayuko mikono mitupu. Sumu ya karanga haisambai sawasawa. Hujikusanya katika punje chache zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye kuvu. Kuchambua kwa mkono, punje kwa punje, huondoa sehemu kubwa ya hatari, na ni kazi ambayo hata mtoto anaweza kuifundishwa jioni moja. Ndiyo sababu dakwa, ile karanga iliyosagwa tayari, ndiyo bidhaa ninayoiogopa kuliko zote sokoni. Ikishasagwa, punje mbaya na nzuri zimekuwa kitu kimoja, na jicho halina la kufanya. Anayeweza na anunue karanga nzima, azichambue, azikaange, kisha azipeleke mwenyewe mashineni. Karanga chungu mdomoni iteme.

Kwa mahindi, chupa kavu na chumvi kavu hutosha. Tia vijiko vichache vya chumvi na konzi kadhaa za mahindi ndani ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Ikishuka yote chini, yamekauka. Muuzaji mwerevu hukifanya kipimo hiki kabla ya kulipia gunia Nimule badala ya kungoja mnunuzi amfanyie Custom.

Muuzaji huyo, tusimsahau, mara nyingi ni mwanamke mwenye sinia moja na mtaji wa kukopa, na mvua iliyolowesha karanga zake imelowesha deni lake pia. Kumwambia atupe ni rahisi kwa asiyelipa. Vibao vya mbao vya kuinua magunia kutoka sakafuni, nafasi ya kiganja kati ya gunia na ukuta, na turubai linalofunuliwa mara jua linapotoka vingemwokolea zaidi ya hotuba, na chama cha wauzaji kinaweza kuvipata kwa mchango.

Zile punje zilizochambuliwa na kutengwa, zisitupiwe kuku wala mbuzi. Sumu hupita katika maziwa ya mnyama aliyekula, na pia katika maziwa ya mama anayenyonyesha. Zichomwe mbali na jiko, au zifukiwe.